Usiku wa Matanga, Usiku wa Berlin

Mjomba alifariki wiki moja baada ya kura ya maoni ya katiba, Agosti 2010. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa fundi wa viatu pale stage ya Congo, Kawangware, na kama Waluhya wengi wa mtaa wetu alikuwa amesema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba asizikwe Lang'ata. Kwao ni Shinyalu, Kakamega. Mochari ilikuwa inahesabu siku, jeneza lilikuwa na bei yake, gari la kubeba mwili nalo bei yake, na kamati ilipokaa kwetu jioni ya pili tukaona karatasi ya michango ina majina mengi kuliko pesa. Mzee mmoja akakohoa, akasema neno ambalo kila mtu alikuwa analingojea: disko.

Kama hujawahi kuona disko matanga, ni hivi. Mnafunga turubai kati ya ploti mbili. Mnavuta waya wa stima kutoka kwa jirani, na jirani akikataa mnakodi jenereta. Spika mbili ndefu za mbao, meza yenye daftari na sahani, dijei nyuma ya kompyuta ya mezani. Picha ya marehemu inawekwa kwenye kiti mbele kabisa, watu wamwone na yeye awaone. Unalipa kuingia. Unalipa kuchagua wimbo. Unalipa mtu fulani atolewe kwenye dansi, na yeye analipa zaidi ndio arudi. Kila shilingi inatangazwa kwenye maiki na jina la mwenyewe.

Dijei alifungua na Lingala, akapita ohangla, akagusa mugithi kidogo kwa heshima ya majirani. Ilipofika saa nane usiku aliingiza ngoma za miaka ya tisini. Ikaja Rhythm Is a Dancer. Mama zangu wadogo, waliokuwa wamelia tangu jioni mpaka sauti zimekauka, walinyanyuka wote kwa pamoja. Nakumbuka vumbi kwenye mwanga wa balbu na shangazi mmoja akicheza kama mtu anayegombana na ardhi.

Saa tisa wakaja askari wawili wa doria. Wakapewa kitu kutoka kwenye sahani ya marehemu, wakaenda. Saa kumi wakaja wengine wawili.

Mjomba alifika Shinyalu.

*

Miaka saba baadaye niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sababu ni karo, na sitaki kuipamba. Nikaanza kuandika kwa pesa kama vijana wengi wa Nairobi wenye laptopu na njaa: insha za wanafunzi wa ng'ambo, maelezo ya viatu na ya dawa za meno za mbwa. Siku moja ikaja oda ya maneno 800 kuhusu historia ya muziki wa dansi wa Ujerumani. Mteja alitaka asubuhi. Nilidhani nitasoma kuhusu wazungu waliovaa nguo nyeusi kwenye giza, nikakutana na matanga ya mjomba.

Rhythm Is a Dancer ni ya 1992, na kundi lililoitoa, Snap!, lilikuwa mradi wa maprodyusa wawili wa Frankfurt, Michael Münzing na Luca Anzilotti. What Is Love ya Haddaway ni ya 1993, na Haddaway, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa anaishi Cologne. Culture Beat, La Bouche, wote ni wa huko. Zile ngoma za matatu za tisini ambazo mama yangu anaziita "za Amerika" zilitoka viwandani Ujerumani. Nyuma yake kuna Boney M. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu kejani. Hakuna nyumba Kenya iliyopita Krismasi bila Boney M. Sura zilikuwa za Jamaika, Montserrat na Aruba, lakini mwenye kazi alikuwa Frank Farian, Mjerumani, na ile sauti nzito ya kiume tuliyoiona ikitoka kwa Bobby Farrell ilikuwa ya Farian mwenyewe, amejifungia studioni. Baadaye akarudia mchezo huo na Milli Vanilli, mpaka tuzo yao ya Grammy ikachukuliwa mwaka 1990.

Kwa hiyo muziki wa mashine wa Ujerumani haukuletwa Nairobi na tamasha lolote la juzi. Ulikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na ulikuwa na uso mweusi ili ununulike.

Upande wa pili wa hadithi ni wa mitumba. Mwaka 1970 pale Düsseldorf, Ralf Hütter na Florian Schneider walianzisha Kraftwerk, jina ambalo maana yake ni kituo cha kuzalisha umeme. (Mtu wa Kibera akisikia hilo lazima atabasamu. Sisi stima yetu nyingi ni ya sambaza, na mwenye waya akiamka vibaya wimbo wako unakufa katikati.) Autobahn ikatoka 1974, Trans-Europe Express 1977. Sahani hizo zikavuka bahari, zikaangukia masikio ya vijana weusi. New York wakazitumia kutengeneza Planet Rock, 1982. Detroit, mji wa magari uliokuwa unafunga viwanda vyake, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja kitongoji cha Belleville, wakazichanganya na funk. Chicago kulikuwa na Frankie Knuckles kwenye klabu ya Warehouse, na jina la hausi linasemekana kutoka hapo.

Mashine walizotumia hazikuwa mpya. TR-808 ya Roland ilitoka 1980 na baada ya miaka mitatu hivi kampuni ikaacha kuitengeneza, na wanamuziki wenye pesa walisema ngoma zake hazifanani na ngoma. Zikaishia maduka ya vitu vilivyotumika, bei ya chini, na vijana wasio na pesa wakazichukua. Ukiwahi kuchambua marundo ya Toi Jumamosi asubuhi unaielewa hiyo sehemu bila kufafanuliwa: mtu wa mbali ametupa, wewe unaona kitu ambacho yeye hakukiona.

*

Sasa, swali lililonikaa kichwani baada ya kutuma zile 800 (nililipwa, ndiyo, ila kidogo) lilikuwa hili: kama mashine ni ya Japani na mdundo ni wa Detroit na Chicago, kwa nini dunia nzima ikisema tekno inasema Berlin?

Jibu la kwanza ni la 1949. Berlin ilikuwa imegawanywa na majeshi yaliyoshinda vita, na baa zilikuwa na saa ya kufunga. Mwenye hoteli mmoja, Heinz Zellermayer, akaenda kumwona jenerali wa Marekani, Frank Howley, na chupa ya wiski, akamshawishi amri ile iondolewe. Ikaondolewa. Tangu hapo Berlin Magharibi haikuwa na saa ya kufunga baa. Chupa moja! Nikafikiria ile sahani ya mjomba. Sisi tulilipa mara mbili kwa usiku mmoja na hatukupata hata saa moja ya kudumu.

Jibu la pili ni vyumba. Ukuta ulianguka tarehe 9 Novemba 1989, na serikali ya Ujerumani Mashariki ikaanza kuyeyuka. Kwa miaka kadhaa upande wa mashariki ulijaa viwanda, bohari na nyumba ambazo hakuna aliyejua kwa hakika ni za nani. Vijana wakaingia na spika. Dimitri Hegemann na wenzake, wakitafuta mahali, waliteremka chini ya mabaki ya lililokuwa duka kubwa la Wertheim, mali ya familia ya Kiyahudi iliyonyang'anywa na Wanazi, wakakuta chumba cha kuhifadhia fedha chenye kuta nene na visanduku vya chuma vilivyooza kwa kutu. Wakakifungua Machi 1991 kwa jina la Tresor, yaani sefu. Kisha wakawaita watu wa Detroit wenyewe. Underground Resistance, kundi la Mike Banks na Jeff Mills, ndio waliotoa rekodi ya kwanza ya lebo ya Tresor mwaka huohuo. Watoto wa mashariki na wa magharibi, ambao miaka miwili nyuma wangepigwa risasi wakijaribu kukutana, wakacheza pamoja kwenye giza lililojaa moshi. Mtu hakuweza kujua nani ametoka wapi.

Nimeisoma hadithi ya Tresor mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya Biblia, na kila mara ninachokiona si mashine. Ninaona mlango ambao hakuna mtu aliyesimama kuudai.

Love Parade nayo ilianza Julai 1989, miezi minne kabla ya ukuta kuanguka. Dijei aitwaye Dr. Motte aliiandikisha kama maandamano ya kisiasa, watu wapatao 150, kauli mbiu yao ikiwa amani, furaha na chapati za mayai. Polisi wa Berlin walilinda maandamano ya chapo mayai. Jaribu kupeleka hiyo barua kituo chochote cha polisi Nairobi. Ilikua mpaka ikabeba mamia ya maelfu ya watu, mahakama ikaamua 2001 kwamba si maandamano tena, na mwaka 2010 kule Duisburg umati ulikwama kwenye njia ya kuingilia na vijana 21 wakafa. Ilikuwa Julai, wiki chache kabla ya mjomba. Haijarudi Duisburg.

*

Na miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa hapa. Kati ya 2009 na 2011 Goethe-Institut ya Nairobi iliwakutanisha wanamuziki wa Berlin na wa kwetu katika mradi ulioitwa BLNRB. Walikuja ndugu wawili, Andi na Hannes Teichmann, wakaja Jahcoozi, wakaja Modeselektor, ambao ni watoto wa Rüdersdorf, mji wa saruji nje ya Berlin ya mashariki. Upande wetu walikuwepo Ukoo Flani, Nazizi, Abbas Kubaff, Just A Band na wengine. Albamu ikatoka 2011, Welcome to the Madhouse. Mtu wa Nairobi akisikia Madhouse anaikumbuka klabu ya Florida, lile jengo la ajabu la Koinange lililokaa juu ya kituo cha mafuta kama uyoga.

Wimbo ninaoupenda ni wa Jahcoozi na Ukoo Flani, Msoto Millions. Msoto na milioni katika jina moja. Hilo halihitaji mkalimani mtaani.

Wapo wanaosema ile ilikuwa safari ya wazungu kutafuta viungo vya supu yao. Mimi sikubali moja kwa moja. Just A Band walikuwa wanafanya muziki wa elektroniki tangu Kenyatta University, albamu yao ya kwanza ni ya 2008, na video ya Ha-He ikaibua Makmende mwaka 2010 bila ruhusa ya Berlin. Waliketi mezani kama watu wenye chakula chao. Kinachonisumbua ni jambo dogo zaidi. Wale vijana wa Berlin walikuja Nairobi kutafuta mahali ambapo watu wanacheza mashine mpaka asubuhi kwenye nafasi isiyo yao, kwa sababu fulani nzito, na mahali hapo palikuwa nyuma ya stage ya Congo, tukiwa na spika za mbao na picha ya mjomba. Hakuna aliyewaambia. Sisi wenyewe hatukujua kwamba ni kitu cha kumwambia mtu.

Baadaye mambo yakaenda mbio. Ukaja mradi wa Ten Cities, uliozaa albamu 2014 na kitabu kinene kuhusu maisha ya klabu za miji kumi, Joyce Nyairo akiwa mmoja wa wahariri. Uganda wakaanzisha Nyege Nyege pale Jinja mwaka 2015. Joseph Kamaru, anayejiita KMRU, mjukuu wa yule Kamaru mkubwa wa nyimbo za Kikuyu, alihamia Berlin na kutoa Peel mwaka 2020, muziki usio na ngoma hata moja. Coco Em akatoa Kilumi mwaka 2022. Hao wote ninawaheshimu. Kati ya Westlands na Berlin sasa kuna njia. Kati ya Kawangware na Westlands ni matatu mbili, na usiku wa manane hakuna.

*

Mtoto wa yule mjomba ana studio Kibera, karibu na Kamukunji. Nilikaa naye miezi minane nilipoacha chuo. Ni chumba cha mabati cha kumi kwa kumi, kuta zimevaa trei za mayai na mablanketi ya mitumba, laptopu ya Luthuli Avenue isiyo na herufi E. Treni ikipita kila mtu ananyamaza, mnarekodi upya. Anatumia FL Studio, ambayo ni ya Ubelgiji, na Ableton ya kukrakiwa, iliyofika kwenye flashi. Ableton ni kampuni ya Berlin, ilianza 1999, na mmoja wa waanzilishi, Robert Henke, alikuwa anapiga muziki kwenye vyumba vilevile ninavyovisimulia. Kwa hiyo mashine ya Berlin iko Kibera. Imekaa juu ya kreti ya soda.

Nilikuwepo Julai 2018 matingatinga yalipoingia kupasua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, makanisa, shule, maelfu ya watu, asubuhi moja. Vumbi lilikaa hewani hadi jioni. Studio ya binamu ilipona kwa hatua kama arobaini. Tukasherehekea, wajinga sisi. Mwezi wa pili mwenye nyumba akapandisha kodi, kwa sababu sasa ploti yake iko karibu na barabara.

Berlin ilipata muziki wake pale serikali moja ilipoondoka na nyingine haijafika vizuri. Kibera, serikali ikifika, huwa imekuja na tingatinga. Na sasa hata wao yanawakuta: Watergate ilifungwa mwisho wa 2024, na klabu kadhaa ziko kwenye njia ya barabara kuu ya A100 inayotaka kupanuliwa. Binamu aliposikia hiyo ya barabara alisema, "Bro, waambie karibu."

Tofauti ni kwamba wao wana karatasi. Mwaka 2016 mahakama ya kodi ilikubali kwamba usiku wa Berghain, klabu iliyo ndani ya kituo cha zamani cha umeme, utozwe asilimia 7 kama tamasha la muziki, si 19 kama burudani tu. Machi 2024 tekno ya Berlin ikaingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika, ule mpango wa UNESCO. Sisi pia tumo kwenye vitabu vya UNESCO. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, watu wa mjomba kabisa, iliandikwa mwaka 2014, lakini kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Isukuti ndiyo iliyokuwa inapigwa matangani kabla ya spika. Wapigaji wanazeeka, kuwakodi ni ghali, vijana wako Kawangware wanatafuta kibarua. Kilichobaki na ile kazi ya kukesha na marehemu, kuwatoa watu machozi na pesa kwa mdundo mmoja, ni disko matanga. Na disko matanga haiko kwenye orodha yoyote isipokuwa ya machifu. Kule magharibi wameipiga marufuku mara sijui ngapi. Huku Nairobi kuna kanuni za kelele za 2009, na mwishoni mwa 2022 kaunti ilitangaza vita na klabu za mitaa ya makazi.

Sitaki kudanganya kwamba machifu hawana hoja. Wasichana wameumizwa kwenye disko zile. Ile desturi ya kulipa ili ucheze na mtu, ukiiangalia na macho ya msichana wa miaka kumi na tano saa tisa usiku, si tamu. Dada yangu hakuruhusiwa kutoka nyumbani usiku wa mjomba, na sasa anasema mathe alifanya vizuri. Lakini Berlin nao walikuwa na dawa za kulevya na vifo, na jibu lao, baada ya kugombana miaka mingi, lilikuwa mlango wenye mlinzi, taa ya dharura, maji ya kunywa, leseni. Jibu letu ni kuzima na kuchukua spika. Kisha watu wanafanya ndani zaidi ya mtaa, mahali pasipo na taa kabisa.

Mwaka 2019 nyanya yetu alizikwa Shinyalu, na familia ilijikaza ikaleta isukuti halisi, ngoma tatu na pembe. Binamu alirekodi kwa simu, akiwa amesimama karibu na kaburi, upepo ukiingia. Juzi nilimtembelea. Amechukua dakika nne za ile rekodi, ameziweka kwenye Ableton, na chini yake amelaza besi ya nne kwa nne, mzito, wa Detroit, wa Tresor, sijui niuite wa wapi. Shangazi anasikika akiita jina la nyanya. Hajaikata hiyo sauti.

Tulisikiliza kwa sauti ya chini, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amelala na ukuta ni bati. Tokeni ilikuwa imebaki uniti tatu. Akairudisha mwanzo.